Wanga Umeonekana

4 Februari

Kwa mama wa mtoto wa kitanda cha saba, wodi ya watoto,

Hunijui kwa sura. Kama uliwahi kuniona, basi uliona koti jeupe likipita. Miaka arobaini na mmoja iliyopita nilikuwa mkuu wa maabara katika hospitali alikolazwa binti yako. Watu waliniita Darubini, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kufumba jicho moja nikimsikiliza mtu. Leo jicho hilo limejifumba lenyewe, na moyo unapiga kwa kusuasua. Daktari wangu ni kijana mwenye adabu. Nilipomuuliza nimebakiza muda gani, aliniuliza kama nina wajukuu. Nikaelewa.

Nimepata sanduku lako la posta kwenye faili la mtoto. Faili ninalo mimi, nyumbani. Hilo nalo ni kosa, ila ni dogo kuliko ninalotaka kukuambia.

Nivumilie nianzie mbali kidogo. Sukari iliyo ndani ya miili yetu ni chembe ndogo sana. Viumbe hai huziunga chembe hizo, mamia na maelfu, zikawa mnyororo mmoja. Sisi tulioisomea tunauita polisakaridi, jina refu kama mnyororo wenyewe. Ajabu ni kwamba chembe ni zile zile. Kinachobadilika ni namna ya kuunga. Mmea ukiziunga hivi, unapata wanga wa kwenye kiazi na mahindi. Ukizigeuza kidogo wakati wa kuziunga, unapata selulosi: ubao wa meza hii ninayoandikia na pamba ya shati langu. Ni sukari tupu, lakini hatuwezi kuila. Chembe yenyewe ikiongezewa kitu kidogo, linatoka ganda la mende. Sisi watu akiba yetu tunaiweka ndani ya ini, na mnyororo wetu una matawi mengi mafupi. Matawi hayo si pambo. Mwili ukihitaji sukari hukata kwenye ncha, na ncha zikiwa nyingi, sukari hupatikana upesi.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Unadondosha iodini. Wanga wa mmea hugeuka buluu iliyokolea hadi kukaribia nyeusi. Akiba ya mtu hugeuka kahawia yenye wekundu.

Kipande cha ini la binti yako kiligeuka buluu.

Fundi wangu wa maabara, msichana makini kuliko wote niliopata kuwa nao, aliniletea matokeo hayo. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba amekichafua kipande kwa unga wa glavu. Siku zile glavu zilipakwa unga wa wanga ndani zisigandane. "Kanawe," nilimwambia, "na ukirudi nitakufundisha kuvaa glavu, kama mtoto wa chekechea." Watu wakacheka. Kisha nikaandika cheti kwa mtindo wangu wa mkato, niliokuwa nikijivunia sana: *Wanga ndani ya ini. Chanzo: mikono. Kipimo kirudiwe.* Cheti kilikuwa cha daktari wa upasuaji, lakini karani wa dirishani alimkabidhi mume wako. Nakumbuka alikuja mlangoni kwangu kuuliza jambo. Nilimjibu kwa kifupi.

Miaka minane baadaye, nikisoma jarida moja, niligundua kuwa fundi hakukosea. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachounga matawi. Mnyororo wao hurefuka tu, karibu bila tawi, ukafanana na wanga wa mmea. Mwili unauona kama mgeni, na ini linakakamaa. Dawa haikuwapo wakati ule, hilo nakuapia. Lakini ulistahili kujua mtoto wako aliugua nini, nami sikukuambia.

Fundi alifariki mwaka jana. Nilikwenda mazikoni nikakaa nyuma kabisa. Uliyebaki wa kuombwa msamaha ni wewe. Naomba.

Ni mimi,
Mzee Darubini


19 Februari

Mzee Darubini, shikamoo.

Anayekuandikia ni dada wa yule mtoto. Mimi ni mwoka mikate, kwa hiyo wanga naujua kwa mikono, ingawa sikujua kama ni mnyororo. Mama yupo hai. Macho yake husoma herufi kubwa tu, kwa hiyo barua yako nilimsomea mimi, tumekaa jikoni.

Nilisoma vizuri mpaka nilipofika kwenye cheti. Nikasoma: "Wanga ndani ya ini." Mama akaniwekea mkono mdomoni, hivi hivi kama ninavyomwekea mjukuu wangu. Akasema, "Rudia anasema ni wanga gani."

Nikarudia. Wanga wa kiazi. Wanga wa mahindi. Unga wa glavu.

Mama alinyanyuka, akaenda kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Mzee wangu, sijui nikuambieje. Wewe umeomba msamaha kwa kutotuambia ugonjwa. Wewe ulitutajia ugonjwa. Cheti chako tunacho mpaka leo, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa kitambulisho cha marehemu baba. Ila nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusikia kwamba kuna wanga wa kuliwa. Chakula tulikiita chakula. Wanga tuliowajua ni wale wanaokwenda nyumba za watu wakiwa uchi, wanaologa. Baba alisoma cheti mlangoni kwetu kwa sauti, na bibi mzaa mama akasema, "Si nilisema? Hata madaktari wa hospitali wamewaona."

Baba hakutaka kuamini. Ndiyo sababu alirudi kwako. Alituhadithia yeye mwenyewe, kwa hiyo usiniambie hukumbuki. Alikuuliza, "Mikono ya nani, daktari?" Ukamjibu, "Ya huyo aliyebeba."

Sasa nikwambie ni nani aliyebeba. Baba alikuwa na mdogo wake wa kike, wa miaka kumi na tisa. Alikuja kumsaidia mama kulea. Mtoto tulimwita Kitumbo, kwa ajili ya lile tumbo lake, na Kitumbo hakuwa akilala ila kwenye mgongo wa shangazi. Mbeleko ya shangazi ilikuwa na alama ya shavu lake. Hata siku ile mlipompa baba jibu, shangazi alikuwa kwenye benchi yenu, mtoto mgongoni.

Walimfukuza siku hiyo hiyo. Mama ndiye aliyetupa mfuko wake nje. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikaambiwa nipige komeo, nikapiga. Shangazi hakugonga. Alisema tu kupitia mlangoni, "Wifi, asilazwe upande wa kulia, anaumia." Kitumbo alikufa baada ya miezi mitano. Hatukumwita mazikoni.

Shangazi yuko hai. Anashona magodoro katika mji mwingine. Uvumi ulimtangulia huko. Tangu siku ile hajapewa mtoto wa mtu ashike.

Ulisema "wanga" tu. Ulikuwa unaokoa wino?

Mwoka mikate


27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu, kisha nikamwomba binti yangu anisomee ya nne ili niisikie kwa sauti ya mtu mwingine. Yeye ni nesi mstaafu, hashtuki upesi. Alipomaliza aliniuliza, "Baba, na hili ulilijua?" Nikamwambia hapana. Akaniangalia namna anavyomwangalia mgonjwa anayesema amemeza dawa.

Basi nianze upya, maana barua yangu ya kwanza ilikuwa na uongo ndani yake.

Sikugundua baada ya miaka minane. Niligundua baada ya siku kumi. Fundi alikwenda akanawa, kama nilivyomwambia. Akarudia kipimo kwa mikono mitupu iliyosuguliwa, bila glavu. Buluu. Akarudia mara ya tatu, akiwa na shahidi. Buluu. Akaniwekea karatasi zote mbili mezani, nami nikaziweka kwenye droo nikageuza ufunguo. Nilikuwa nimekwisha kumcheka mbele ya watu. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mkuu wa upasuaji kuwa maabara yangu ina msichana mchafu wa mikono. Kurudi nyuma kulikuwa ni kuvuka ukumbi mmoja na kugonga mlango mmoja. Sikuvuka. Mwezi uliofuata fundi aliomba uhamisho, nikausaini siku hiyo hiyo.

Na baba yako alirudi mara ya pili. Hilo huenda hakuwahadithia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Daktari, tumeshawaondoa. Je, wanaweza kurudi?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu lote. Neno "wanga" la kwangu huchukua *u*: wanga umeonekana, wanga umetoka. Neno "wanga" la bibi yako huchukua *wa*: wanga wameonekana, wanga wametoka. Cheti changu hakikuwa na kitenzi. Lau ningeandika sentensi nzima, hata ya mtoto wa darasa la pili, herufi moja ingemlinda shangazi yako. Na nilipomjibu baba yako "aliyebeba", nilimaanisha aliyekibeba kipande kutoka chumba cha upasuaji. Nikameza *ki*, kama nilivyozoea kumeza nusu ya kila neno nikiongea na watu ambao sikuwaona wakubwa.

Lakini kumbuka mimi nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nikisahihisha barua za makarani kwa wino mwekundu. Ukisema "kitabu yangu" mbele yangu nilikurudisha mpaka useme "changu". Baba yako alisema "tumeshawaondoa". Alisema *wa*. Nilisikia. Nilisikia, binti yangu, na nilielewa anazungumzia watu. Sikujua ni nani. Sikuuliza ni nani.

Ningemwambia, "Bwana, mimi nimesema wanga wa unga," angeuliza unga umeingiaje kwenye ini la mwanawe. Ningesema umetoka kwenye glavu. Na droo ilikuwa pale, karibu na goti langu, na karatasi mbili ndani yake zikisema haukutoka kwenye glavu. Ningelazimika kudanganya kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mtu aliyevua kofia. Nikachagua kudanganya kwa kunyamaza. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi." Akanishukuru.

Miaka yote hii nilijipa moyo kuwa huenda nilisikia vibaya. Barua yako imeniondolea kitulizo hicho, na ni haki.

Sina namna ya kumfikia shangazi yako ila kupitia kwako. Mpelekee barua zote mbili. Asiposema kitu, nitaelewa.

Darubini


15 Machi

Mzee, shikamoo.

Nimekwenda. Nilikuwa sijamwona shangazi kwa miaka kumi na mmoja. Mara ya mwisho tulikutana kwa bahati kituoni, akanisalimu kwa mbali kama mtu anayeogopa kuniambukiza.

Nilimkuta kwenye chumba chake cha kazi, pamba mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Shangazi, nimekuja na barua." Akasema, "Kama kuna aliyekufa, niambie kabla sijakata uzi." Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi subiri nimalize upande huu."

Nikasoma. Alishona muda wote nikisoma. Nilipofika kwenye unga wa glavu alisimamisha sindano. "Kwa hiyo mimi ni poda?" akasema. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa pamba. "Miaka arobaini na mmoja. Poda!" Halafu hakucheka tena.

Nilipomaliza barua ya pili, ile ya kofia na droo, alitunga uzi mpya sindanoni. Nikamuuliza, "Unamsamehe?"

"Mimi nimefika hapo? Unanikimbiza." Akanyoosha uzi. "Huyo mzee bado mkono wake unaandika?"

"Unatetemeka, lakini unaandika."

"Basi mwambie aandike tena cheti. Siyo barua. Barua ni maneno ya mtu na mtu. Walinifukuza kwa cheti, nataka cheti. Aandike sentensi nzima, kama tulivyofundishwa shule. Na aseme ulitoka wapi huo wanga, kama haukutoka kwangu. Herufi ziwe kubwa."

"Kubwa kwa nini? Macho yako si mazima?"

"Siyo mimi nitakayesoma," akasema.

Nakuuliza hilo pia kwa niaba yangu. Ulitoka wapi?

Mwoka mikate


29 Machi

Binti yangu,

Mwandiko huu ni wa mwanangu, yule nesi, mimi natamka. Cheti lakini nimekiandika mwenyewe. Kilinichukua siku nne, na vilivyoharibika ni sita. Mwanangu alitaka kunisaidia kushika kalamu, nikamwambia, "Mikono safari hii iwe yangu."

Umeuliza ulitoka wapi. Nimejibu ndani ya cheti, na nimesita. Jibu lenyewe ni zito kwa mama yako. Lakini nimekwisha kuona gharama ya kukata maneno. Mwambie kabla hajasoma kwamba hakuna mzazi anayechagua anachorithisha, na kwamba angeweza kuishi miaka mia asijue.

Usinijibu kwa haraka. Au nijibu kwa haraka. Sijui nikuambie lipi.

Darubini

*(Kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa zinazotetemeka:)*

MATOKEO YA KIPIMO

Mgonjwa: mtoto wa kike, umri miezi kumi na minne. Nyumbani aliitwa Kitumbo.

Katika ini la mtoto huyu wanga umeonekana. Wanga huu ni sukari iliyoungwa mnyororo mrefu bila matawi ya kutosha. Haukutoka mikononi mwa mtu yeyote. Mwili wa mtoto ndio uliouunda, kwa kuwa alizaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuunga matawi. Upungufu huo aliurithi nusu kwa baba yake na nusu kwa mama yake, bila wao kujua.

Fundi aliyekibeba kipande alikuwa na mikono safi.

Shangazi aliyembeba mtoto alikuwa na mikono safi.

Aliyekosea ni mimi, na nilijua.

Mkuu wa maabara


22 Aprili

Dada,

Pole sana. Barua yako ya msiba ilinikuta nimekwisha kufunga mfuko wa safari. Unasema baba yako, Mzee Darubini, aliuliza mara mbili kama posta imefika. Najilaumu. Nilikuwa nasubiri niwe na jambo la kumwambia, na jambo lenyewe likawa linasubiri mama apate miwani mipya. Sasa nakuandikia wewe niliyotaka kumwandikia yeye.

Mama nilimwambia yote kabla hatujaondoka, pamoja na ile nusu kwa nusu. Siku ya tatu akasema, "Kwa hiyo nilimfukuza kwa kitu nilichokuwa nacho mimi." Akanitaka nimpigie pasi nguo yake ya kijivu.

Tumefika leo asubuhi. Shangazi alikuja mlangoni lakini hakutukaribisha. Alisimama kizingitini, mikono nyuma. Mama akasema, "Wifi." Shangazi akasema, "Soma."

Mama akavaa miwani. Akasoma kichwa cha cheti. Akasoma umri. Kwenye jina la Kitumbo aliweka kidole, shangazi akatazama pembeni, sote tukangoja. Kisha mama akaendelea: "Katika ini la mtoto huyu wanga wameonekana..."

Dada, imeandikwa *umeonekana*, kubwa kama kidole. Lakini ulimi wa mama umelisema hilo lingine kwa miaka arobaini na mmoja.

Shangazi hakupandisha sauti. "Wifi, soma kilichoandikwa."

Mama akaisogeza karatasi karibu na macho. "Wanga u... umeonekana."

"Tena."

"Wanga umeonekana."

"Endelea."

Akasoma mpaka mwisho. Kwenye nusu ya mama hakuruka. Kwenye mikono ya shangazi alisoma polepole sana, kila silabi. Alipomaliza alitaka kupiga magoti, shangazi akamshika kiwiko akamzuia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza wameshikana tangu siku ile. "Usichafue nguo," akamwambia. Kisha akauachia mkono wake.

"Kesho saa nne mrudi," akasema. "Nitaita majirani. Utasoma hapa hapa, kwa sauti ya kutosha. Na usikosee." Akafunga mlango, taratibu, bila komeo, nilisikiliza.

Sijui kama huo ni msamaha. Ningemuuliza baba yako, yeye aliyekuwa na sikio la herufi moja moja.

Tumepanga chumba karibu na hapa. Ninapokuandikia, mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima kama mwanafunzi aliyewekwa mbele ya darasa, cheti magotini. Anakifunika kwa kiganja, anasema bila kutazama, anakifunua ahakikishe. Nimemwambia apumzike, amekataa.

"Umeonekana," anasema. "Umeonekana. Umeonekana."

Mwoka mikate